Kioo cha Kisogo

Mtaa mzima wa Kangemi, Nairobi, ulimjua Jackton kwa mkono wake wa kulia. Uso wake, wachache wangeutambua barabarani. Mtu akinyolewa hutazama uso wake mwenyewe kwenye kioo, hatazami wa kinyozi. Lakini ule mkono, jamani! Ulikuwa mwepesi kama ulimi wa mdaku. Ulizunguka sikio bila kuligusa, ukateremka shingoni bila kuacha kipele hata kimoja.

Kibanda chake kilikuwa karibu na soko. Nje, ukutani, kulikuwa na picha ya kichwa iliyochorwa kwa rangi ya mafuta. Kichwa hicho hakikufanana na binadamu yeyote aliyezaliwa hadi mwaka huo wa 2006, ila kilikuwa kimenyolewa vizuri sana. Ndani kulikuwa na kiti kimoja, redio ndogo ya betri, kioo kikubwa ukutani, na kioo kidogo chenye mpini.

Kioo kidogo kilikuwa na kazi yake rasmi. Kila kichwa kilipokamilika, Jackton alikishika kioo hicho nyuma ya mteja. Mteja akatazama mbele, akaona kisogo chake mwenyewe.

"Uko sawa hapo nyuma?" Jackton aliuliza.

"Niko sawa, fundi."

Kisha mteja akaenda zake. Jioni Jackton alifagia nywele za watu wote waliokuwa sawa, akafunga mlango, akapanda mteremko hadi chumbani kwake. Huko hakuna aliyemuuliza kama yuko sawa, mbele wala nyuma. Mkewe Peres alikuwa nyumbani Yala na watoto. Kila Jumapili alimpigia simu kupitia jirani, wakaongea mpaka salio likakata maneno.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hawakusema ni nani amnyoe. Jackton alijinyoa mwenyewe kwa kupapasa. Kisogo chake hakuwa amekiona kwa miaka mingi. Kukiona kunahitaji mtu wa pili wa kushika kioo.

Sasa tuzungumzie stima, kwa unyenyekevu unaostahili.

Stima ya kibanda hicho haikuwa na mita. Ilitoka kwenye nguzo, ikapita juu ya mabati ya watu, ikaingia dirishani kama mgeni asiyebisha hodi. Aliyeileta ni mwenye kibanda, Mama Shiru. Familia yake ilikuwa hapo tangu Kangemi ilipokuwa mashamba. Alikuwa na vibanda vitano na sauti moja, na sauti hiyo ingetosha vibanda kumi.

Mashine ya kunyoa nayo haikuwa na plagi. Jackton alichomeka nyaya mbili tupu kwenye soketi, kisha akazikaza kwa njiti za kiberiti. Majirani wengi walifanya hivyo. Kila mtu alijua ni hatari, kama kila mtu anavyojua kwamba sukari huozesha meno.

Jumatano moja mchana, mvua ilinyesha na paa likavuja. Hakukuwa na mteja. Jackton alipiga deki. Njiti moja ikaanguka, waya ukalegea. Akiwa amesimama kwenye maji, Jackton akanyoosha mkono wa kulia kuurudisha.

Stima ikamshika.

Misuli yote ya bega ilivuta kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa nguvu zake zote, kama wanafunzi wa bweni wanaogombea mkate wa mwisho. Kitu kikalia ndani ya bega. Kisha nyaya zikachomoka, na Jackton akaanguka chali juu ya nywele za wateja wa asubuhi.

Alilala pale. Redio iliendelea. Kilikuwa kipindi cha salamu. Mtangazaji alisoma majina: fulani wa Kawangware anamsalimu fulani wa Busia, na fulani wa Thika, na wote wanaomfahamu. Majina yalikuwa mengi sana. Jackton aliyasikiliza yote akiwa amelala sakafuni. Hakuna aliyemsalimu. Mwishowe akajiinua mwenyewe kwa mkono wa kushoto.

Mkono wa kulia ulikuwa umekunjika, kiganja kikiwa kimelala juu ya tumbo. Alijaribu kuutoa. Ukakataa.

Muli, fundi wa viatu wa kibanda cha pili, akachungulia.

"Kwani siku hizi unalala kazini, jirani?"

"Nimeumia bega. Usiniguse."

Muli alimkagua kwa mbele kama anavyokagua soli. "Hujateguka," akatangaza. "Mimi najua bega lililoteguka. Mjomba wangu alianguka kutoka kwa mwembe, bega likachomoza mbele hivi, kama kiazi. Lako liko tambarare kabisa. Lakini kama unataka, kaa chini niweke mguu kwapani nivute. Nimevuta ngozi ngumu kuliko hiyo."

"Muli, mimi si kiatu."

"Sawa. Lakini kiatu hakilalamiki hivyo."

Mama Shiru akafika. Aliona maji, akaona soketi iliyokuwa imeungua pembeni, akaona alama nyeusi kwenye kidole cha Jackton. Akaelewa yote, akafunga mlango.

"Jackton, umeanguka," akasema.

"Nimeshikwa na stima, Mama."

"Nasema umeanguka. Umeteleza kwa maji, ukaanguka. Ukienda hospitali useme stima, wataandika stima. Wakiandika, watu wa stima watakuja. Watakata, na mimi na wewe tutalala ndani. Peres atakula nini?"

Jackton alifikiria. Hakuwa na mtu mwingine wa kumshauri. Muli alikuwa amesharudi kwa viatu vyake.

"Nimeanguka," akasema.

Alikwenda kwenye kliniki moja ndogo, ambayo jina lake tuliache lipumzike. Foleni ilikuwa ndefu. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Umefanya nini, mzee?"

"Niliteleza, nikaanguka."

"Uliangukia mkono?"

"Ndiyo," Jackton akajibu. Uongo wa kwanza ukiingia, wa pili haubishi hodi.

Akapigwa picha moja ya eksirei, kutoka mbele. Daktari akaiinua kwenye mwanga. "Hakuna mfupa uliovunjika. Mpira wa bega unaonekana uko mahali pake. Ni misuli tu. Funga mkono kwa kitambaa, meza hizi dawa za maumivu. Utapona."

Jackton akarudi nyumbani akiwa na furaha. Furaha hiyo iliisha alipojaribu kuvua shati.

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu. Maumivu yalipungua kidogo, lakini mkono haukusogea kutoka tumboni. Hakuweza kuufungua kwenda nje. Hakuweza kugeuza kiganja juu kupokea chenji dukani. Chakula alikula kwa mkono wa kushoto, akiwa peke yake. Kwa mara ya kwanza alishukuru kwamba hakuna aliyemwona.

Jumapili alikwenda kanisani. Kanisani kwao, ibada ikiisha, watu hupanga mstari nje na kusalimiana kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, mpaka kila mtu awe amemsalimu kila mtu. Ni desturi nzuri, na huchelewesha chakula cha mchana. Jackton aliingia kwenye mstari. Mzee wa kanisa akanyoosha mkono wa kulia. Jackton akampa wa kushoto.

Mzee akautazama kama mtu aliyepewa samaki wa juzi.

"Wa kulia umeufanya nini, ndugu? Umeuweka akiba?"

Watu wakacheka. Jackton alitaka kueleza, lakini akakumbuka kwamba maelezo yake yalikuwa ya uongo. Uongo husemwa vizuri mara moja tu. Akatoka kwenye mstari. Nyuma yake akamsikia mama mmoja akisema, "Siku hizi anajiona. Ameshika tumbo kama tajiri aliyeshiba."

Siku hiyo Peres alisikika vizuri kwenye simu.

"Uko aje, Baba Joyline?"

"Niko salama tu."

"Kazi?"

"Kazi iko."

Salio lilikuwa bado lipo, lakini maneno yaliisha yenyewe.

Kibandani, wateja walikuja, wakauona mkono tumboni, wakavuka barabara kwenda kwa vinyozi wengine. Kiti kilikaa kitupu. Alhamisi Mama Shiru akaja na funguo zake.

"Jackton, mimi si mtu mbaya. Lakini kiti hakiwezi kukaa bila kinyozi. Jumatatu naleta kijana mwingine. Ukipona utarudi."

"Nitarudi kwa kiti gani, Mama?"

"Tutaona."

Ikabaki Ijumaa na Jumamosi. Jackton akaamua: atajifunza kunyoa kwa mkono wa kushoto, na atajifunza kesho. Alihitaji kichwa.

Kichwa kilichojitolea, bila kujua, kilikuwa cha Namalwa.

Namalwa alikuwa mwanadada, afisa wa kliniki katika chumba cha dharura cha hospitali moja upande wa Kilimani. Aliishi mtaa wa Satellite, lakini alikuja Kangemi kunyolewa. Aliweka nywele fupi sana, na alisema hakuna mtu Nairobi anayezijua nywele zake kama Jackton. Alikuja Ijumaa alasiri, akaketi, akafumba macho.

"Sasa, fundi?"

"Niko poa, daktari."

Muli alikuwa amemsaidia kuchomeka nyaya kwa njiti mpya za kiberiti, akiwa amevaa sandali za mpira na kusali. Mashine ikanguruma. Jackton akaanza kwa kushoto.

Namalwa akafumbua macho. Nusu ya kichwa chake ilikuwa tayari. Ilifanana na barabara ya mtaani baada ya mvua.

"Fundi," akasema polepole, "leo nimekukosea nini?"

"Pole sana, daktari. Ni mkono."

"Mkono gani?"

"Nilianguka. Lakini nimepigwa picha. Hakuna kitu."

Namalwa alikuwa akitazama kwenye kioo kikubwa, na kwa mara ya kwanza mteja alikuwa akimtazama kinyozi. Aliuona mkono uliokunjika tumboni. Aliona soketi iliyoungua. Akaziona njiti za kiberiti. Akainuka, akazima kwanza swichi ya ukutani, akachomoa nyaya, akavua kitambaa cha kunyolewa shingoni.

"Kaa wewe kwenye kiti."

"Mimi?"

"Kwani kiti hiki kinauma? Kaa. Toa shati begani."

Jackton akaketi. Miaka yote ya kufanya kazi pale, hakuwahi kukalia kiti hicho mbele ya mtu.

"Bana kiwiko ubavuni," Namalwa akasema. "Hivyo. Sasa fungua mkono kwenda nje, kama mlango."

Mlango haukufunguka hata kidogo.

"Sasa nipe mkono, kiganja juu, kama unapokea kitu."

Jackton akajaribu. Kiganja kikakataa kutazama juu.

"Unahisi ganzi popote? Vidole vinacheza?"

"Vinacheza. Hakuna ganzi."

Namalwa akasimama nyuma yake, akatazama mabega yote mawili kutoka juu. Kisha akachukua kile kioo kidogo chenye mpini, akakishika nyuma ya Jackton.

"Tazama mbele. Niambie unaona nini."

Jackton alitazama. Aliona bega lake la kushoto, la mviringo kama kawaida. Aliona la kulia. Kwa mbele lilikuwa tambarare, kama Muli alivyosema. Lakini kwa nyuma kulikuwa na nundu.

Aliona kitu kingine pia. Nywele za kisogoni kwake zilikuwa zimejaa mvi. Hakuna aliyewahi kumwambia.

"Bega lako limetoka," Namalwa akasema. "Limetoka kwa nyuma."

"Lakini picha..."

"Picha ilipigwa kutoka wapi?"

"Mbele."

"Ngapi?"

"Moja."

"Wewe ukimaliza kunyoa, unamwonyesha mteja kioo cha mbele pekee?"

"Hapana. Ataonaje kisogo?"

"Basi umeelewa kuliko watu wengi. Bega ni kama mpira uliokalia kisosi kidogo. Mara nyingi mpira ukitoka, hutoka kwa mbele, na hata fundi wa viatu anauona. Mara chache hutoka kwa nyuma. Ukipiga picha ya mbele tu, mpira na kisosi vinapishana, unadhani viko pamoja. Lazima ipigwe na picha ya ubavuni. Na mara chache zaidi bega hutoka kwa chini, mkono ukabaki juu hivi, kama mwanafunzi anayejua jibu. Huyo angalau hakuna anayemsahau. Wa nyuma ndiye anayesahaulika. Anakaa na mkono tumboni, na watu wanadhani ameshiba."

Jackton alishtuka kidogo. Hakuwa amemwambia habari za kanisani.

"Sasa sikiliza," Namalwa akaendelea. "Kuna vitu viwili vinavyojulikana sana kwa kusukuma bega nyuma. Cha kwanza ni kifafa, mwili ukikakamaa. Cha pili ni stima. Hata kuanguka kunaweza, au ajali ya gari. Lakini mimi nimeiona soketi yako. Niambie ukweli. Ilikuwa nini?"

Mlango ukafunguka. Mama Shiru alikuwa pale na funguo zake.

"Alianguka," Mama Shiru akasema.

"Shikamoo, Mama," Namalwa akasema. "Namuuliza yeye."

"Na mimi nakujibu. Aliteleza kwa maji. Hata Muli aliona."

"Mimi sikuona," sauti ya Muli ikatoka upande wa pili wa mabati. "Nilikuwa nashona."

Jackton alitazama kioo. Ndani yake walikuwa watu watatu. Mmoja alikuwa na nusu ya nywele, mmoja alikuwa na funguo, na wa tatu alikuwa yeye. Akisema ukweli, kiti kinaenda. Akinyamaza, mkono unaenda. Na kinyozi asiye na mkono, kiti kwake ni cha kukalia tu.

Tena hata akinyamaza, atanyamaza na nani?

"Ni stima," akasema. "Ilinishika nikiwa kwenye maji. Ilinivuta, kitu kikalia begani, ikanitupa. Nilidanganya hospitali."

Ardhi haikupasuka. Nje mtu aliendelea kuuza sukumawiki.

"Asante," Namalwa akasema. "Usimlaumu sana yule daktari. Angeweza kukushika mkono aone kama unafunguka, na hilo ni kosa lake. Lakini wewe ulimpa nusu ya habari, naye akapiga nusu ya picha." Akajigusa kichwa. "Na mimi nimepata nusu ya kunyolewa. Twende."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Bega la namna hii likikaa nje kwa wiki nyingi, haliwezi kurudi bila kisu. Pengine halirudi vizuri kabisa. Na hatulivuti hapa. Ukivuta bila picha, unaweza kuvunja mfupa au kukata mshipa."

"Nilimwambia mimi si kiatu," Jackton akasema.

"Nimesikia hapo!" Muli akajibu.

Namalwa akamfunga mkono kwa khanga ya Mama Shiru, pale pale ulipokuwa umelala, bila kuulazimisha. Kisha akamgeukia mwenye khanga.

"Mama, leo ni bega. Siku nyingine stima itachukua moyo. Huyu alipaswa kupimwa moyo siku ile ile, hata kama anajisikia vizuri. Na yeyote akimkuta mtu ameshikwa na stima asimguse kwa mkono. Azime stima kwanza."

Mama Shiru, kwa mara ya kwanza katika historia ya Kangemi, alijibu kwa sauti ya chini.

Namalwa aliingia hospitali yake akiwa amejifunga kilemba. Wenzake walimuuliza kama ameokoka upya. Alisema wamhudumie mgonjwa kwanza.

Walimpima Jackton moyo kwa mashine. Ulikuwa unapiga vizuri. Wakampiga picha ya mbele, kisha ya ubavuni. Kwenye ile ya ubavuni, hata Jackton aliona. Mpira ulikuwa nyuma ya kisosi, umejificha kama mtoro nyuma ya bweni. Daktari wa mifupa akasema wana bahati, bado bega linaweza kurudishwa bila kupasua. Wangemlaza usingizi, misuli ilegee, kisha walirudishe taratibu.

"Tumpigie nani kwenu?" muuguzi akamuuliza.

Jackton akatazama vitanda vya jirani. Katika wodi ile ilikuwa saa ya kutembelea wagonjwa. Kitanda cha kulia kilikuwa na chai kwenye chupa na dada watatu wanaobishana. Kitanda cha kushoto kilikuwa na chapati. Chake kilikuwa na shuka.

"Kuna jirani Yala," akasema. "Atamwita mke wangu."

Simu ikapigwa. Jackton alieleza yote: stima, uongo, kanisa, kiti.

"Mbona hukuniambia?" Peres akauliza.

"Sikutaka uwe na wasiwasi."

"Kwa hivyo ulitaka niwe na nini?"

Jackton akaanza kusema pole.

"Nakuja," Peres akasema, na safari hii ni yeye aliyekata.

Bega lilirudi. Jackton hakusikia chochote. Alipoamka, aligundua kwamba mkono haukuwa tumboni tena. Ulikuwa umefungwa kwa mikanda na sponji, kiwiko ubavuni, na kiganja kikielekea mbele, vidole vimenyooka.

"Mbona uko hivi?" akauliza.

"Ukilala tumboni, bega linaweza kutoka tena kwa nyuma," Namalwa akamweleza. "Lazima ukae ukielekea mbele kwa wiki kadhaa. Kisha mazoezi, kidogo kidogo, na yule mtaalamu wa mazoezi akikuita uende. Usiruke hata siku moja."

"Nafanana na mtu anayetaka kusalimiwa."

"Ndiyo. Wengine huuita hivyo hivyo, mkono wa salamu."

Peres alikuja na kuku na maneno makali, akavitumia vyote viwili. Alikaa mpaka palizi ilipomwita Yala. Siku ya kuondoka alimwambia, "Ukiumwa hata ukucha, nataka kusikia." Basi likaondoka. Chumba kikawa kimya tena, tena kimya zaidi, kwa sababu sasa kilikuwa kimeonja sauti.

Kibanda kilikuwa giza. Mama Shiru alikuwa amewaita mafundi wenye leseni wakaondoa zile nyaya, kisha akaomba mita. Mita ikachukua muda wake, kama mgeni wa heshima. Yule kijana wa Jumatatu alikuja, akakuta hakuna stima, akaenda zake.

"Kiti bado kipo," Mama Shiru akamwambia Jackton, akitazama pembeni. "Hakuna wa kukikalia gizani."

Kwa kuwa hakuwa na kazi wala sauti chumbani, Jackton alikaa kwenye benchi nje ya kibanda, chini ya kile kichwa kilichochorwa. Mkono wake ulielekea barabarani, kiganja wazi.

Mtu wa kwanza kupita aliusalimu. Alidhani ameitwa. "Mambo, mzee!" Akagusa mkono, akaenda. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Akafika mhubiri, akafika mama wa mboga, akafika mlevi aliyesalimu, akaomba msamaha, akasalimu tena. Diwani aliyekuwa akitafuta kura alimsalimu mara mbili kwa siku moja. Yule mzee wa kanisa alipita, akasimama.

"Ndugu Jackton. Leo unatoa wa kulia?"

Jackton akamweleza. Ukweli, aligundua, unaweza kusemwa mara nyingi bila kuchakaa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Tulikucheka," akasema. "Na mimi nina mpwa mwenye kifafa. Juzi aliamka na bega linauma."

"Mkono unafunguka nje?"

"Sijui."

"Mwambie abane kiwiko, afungue kama mlango. Ukikataa, mpeleke leo. Na waseme ni kifafa, wasifiche. Waombe na picha ya ubavuni."

Mzee aliondoka karibu akikimbia.

Tatizo lilikuwa wasalimiaji wenye nguvu. Muli aliliona. Akahamisha kigoda chake na viatu vyake hadi kwenye benchi, akawa mlinzi.

"Gusa vidole tu!" alipiga kelele. "Usitingishe! Hiyo ni mali ya hospitali!"

Wakakaa hivyo wiki nzima, kisha nyingine. Jackton aligundua kwamba Muli ana watoto mapacha, na kwamba yule mjomba wa mwembe alikuwa tajiri wa uongo. Miaka yote hiyo walikuwa wametenganishwa na bati moja.

Mikanda ilitolewa. Mazoezi yaliuma, akayafanya. Mita ikafika. Soketi mpya ikafika, na mashine ikavaa plagi kama mtu aliyevaa viatu kwa mara ya kwanza. Namalwa akawa mteja wa kwanza.

"Ile nusu nyingine?" Jackton akauliza kwa haya.

"Nilienda kwa mwingine akaisawazisha. Aliuliza kama aliyeanza ni adui yangu."

Mkono wa kulia ulianza polepole. Bega lilikaza kidogo, kisha likakumbuka. Alipomaliza, Jackton alishika kioo kidogo nyuma ya kichwa cha Namalwa, akakigeuza nje kwa mkono ule ule uliokataa.

"Uko sawa hapo nyuma?"

"Niko sawa, fundi." Namalwa akainuka, akavaa koti. Mlangoni akageuka. "Na wewe?"

Jackton akacheka tu. Namalwa akaenda kupanda gari la Satellite.

Jioni alifagia nywele. Redio ilikuwa ikisoma salamu za watu. Alisimama katikati ya kibanda na kioo kidogo mkononi, akafikiria kupapasa kama kawaida. Kisha akagonga bati.

"Muli!"

"Nini tena? Umeshikwa?"

"Hapana. Njoo unishikie kioo."

Muli akaja na gundi vidoleni. Jackton akaketi kwenye kiti. Muli akakiinua kioo, kikawa juu mno, kikawa chini mno, kisha kikatulia.

"Unaona?"

"Naona mvi," Jackton akasema.

"Hizo ziko hapo tangu zamani. Nilidhani unajua."

"Ningejuaje?"

Muli akachukua mashine kwa mkono mwingine.

"Basi tulia," akasema, "nikunyoe hapo nyuma. Lakini ukilalamika, nakukumbusha: kiatu hakilalamiki."